Mtetea wa Sekretari

Aliyeanza ni Raheli. Alisimama mlangoni kwa Kristina asubuhi, beseni la maharage kiunoni, akaanza kunong'ona kwa sauti ambayo hata mwenda kwa miguu wa barabara ya Dodoma angeisikia.

"Mama Witness, umesikia ya kwa Sekretari?"

"Nisikie nini, mama?"

"Kuku."

Kristina alimhamishia mtoto ziwa la pili, akasubiri. Kusikia kuku pale Ikungi si habari. Habari ingekuwa kuamka siku moja usiwasikie.

"Sekretari hafugi kuku," Raheli aliendelea. "Hafugi hata njiwa. Lakini ndani ya kile kijiduka chake jogoo anawika, vifaranga wanalia, mchana kutwa. Nimepita kwa nyuma nikachungulia. Hakuna hata unyoya! Haya, nieleze wewe uliyesoma."

Kristina alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na Raheli, mwenye nyumba wake, aliikumbuka elimu hiyo kila alipokuwa na mahali pa kumtuma.

"Labda ni redio, mama."

"Redio gani inayokula mayai?" Raheli aliweka beseni chini. Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Mtetea wake, yule mwekundu wa shingo tupu aliyemfunga kitambaa cha kitenge mguuni ili asichanganyike na wa majirani, alikuwa anatoka asubuhi na yai, tumbo limejaa, na kurudi jioni mwepesi. Yai halionekani. Si bandani, si jikoni, si kwenye majani ya uani. "Nimemshika mwenyewe nikamkagua. Anatoka nalo, anarudi bila. Lile ni chuma ulete, mwanangu. Watu wanavuta hela za wenzao kwenye droo, yeye anavuta mayai kwa kompyuta."

Kristina aliuma mdomo asicheke. Mtoto Witness, ambaye hakuwa na sababu ya kujizuia, alicheka.

"Cheka, cheka," Raheli alimwambia mtoto. "Wewe ndiye utakayekwenda. Mwenye mtoto hashukiwi na mtu. Mama yako atakwenda kutoa kopi ya kadi ya kliniki, atakaa, ataangalia. Macho yake yanaona, nimeyajua siku nyingi. Mdomo wake ndio mgumu."

Hilo la mdomo lilikuwa kweli. Mume wa Kristina, Gasto, alikuwa Rungwa kwenye mizinga yake, na msimu wa asali ukiwa mzuri hurudi amechelewa. Mke akibaki peke yake na mtoto mchanga kwenye nyumba ya kupanga hujifunza kuona mengi na kusema machache.

Sekretari jina lake lilikuwa Winfrida. Alikuwa amepiga taipu kwenye ofisi za watu tangu enzi za mashine zile za kugonga kwa nguvu, mpaka kompyuta zikaja, mpaka akastaafu, na jina la kazi likamfuata nyumbani kama mbwa. Alifungua steshenari kando ya barabara: kopi, kuchapa, picha za paspoti, kuchaji simu. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, hivyo alikaa kwenye kiti cha magurudumu madogo akijisukuma kutoka mashine hii hadi ile, na maneno ya ofisini yalikuwa hayajamtoka mdomoni. Mbuzi akiingia dukani alimwambia, "Ombi lako limekataliwa." Mbuzi alitoka.

"Shikamoo, Sekretari."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ombi lako ni lipi?"

"Kopi ya kadi ya mtoto."

"Limepokelewa. Kaa hapo kwenye mkeka, mashine inapasha moto."

Kristina alikaa chini, mgongo ukutani, Witness mapajani. Mkeka ulikuwa nyuma ya kaunta, kando ya meza kubwa ya kompyuta, ambayo chini yake kulikuwa na maboksi ya karatasi zilizoharibika, printa mbovu na waya zilizosukana kama mizizi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Kabla hajapepesa macho mara nyingi, jogoo akawika.

Aliwika kutoka kwenye spika, mbili nyeusi zilizokaa pande mbili za kioo cha kompyuta. Na kwenye kioo chenyewe kulikuwa na uwanja wa nyumba: banda la miti, mti wa kivuli, chungu cha maji, na vifaranga wa njano wakikimbia na kulia piyo, piyo, piyo. Sekretari alisogeza kipanya akabonyeza ungo, pumba zikamwagika, vifaranga wakazikimbilia. Kivuli cha mwewe kikapita uwanjani. Akakibonyeza haraka, mwewe akaondoka kwa aibu.

Witness alinyoosha mikono yote miwili. Na Kristina, aliyekuja kama mpelelezi, alijikuta amepiga magoti.

"Ni mchezo?"

"Ni somo lililovaa nguo za mchezo. Ulitengenezwa kwa ajili ya kikundi cha akina mama wafugaji nilichokuwa nakichapia barua, kule kwetu Sepuka. Kijana mmoja wa mradi akauweka kwenye mtandao, ukawa unafunguliwa, unacheza, unajifunza chanjo, banda, mwewe. Kisha mradi ukaisha. Gari likaondoka, kijana akaondoka, na ukurasa wenyewe ukafungwa. Mimi nilikuwa na nakala kwenye sidii, nimeifunga kwenye kitenge pamoja na cheti cha ubatizo." Aliisukuma miwani juu ya pua. "Halafu tena, miaka michache iliyopita, ile programu iliyokuwa inaendesha michezo ya namna hii ikastaafishwa. Dunia nzima. Kompyuta zote zikaikataa. Imestaafu kama mimi, ila mimi niliagwa kwa mabati ya kuezekea."

"Sasa mbona unacheza?"

"Ndiyo nakueleza. Wako watu huko duniani, kila mmoja kwao, wengine hawajawahi hata kuonana, hawalipwi na mtu. Wametengeneza programu nyingine inayojifanya ile iliyokufa. Mchezo ukifunguliwa unadhani bado ni zamani zile, unaamka, unacheza."

"Kwa hiyo wanaudanganya."

"Kwa nia njema. Na hawafichi kitu. Kila walichoandika kiko wazi, mwenye macho ya kazi hiyo anafungua, anaona kilivyoshonwa, akiona mshono mbaya anausema au anaushona upya."

Kristina aliwaza kidogo. Alikumbuka mashine ya kukamua alizeti ya jirani yao, ile ambayo kipuri chake kilikuwa hakitengenezwi tena kokote. Fundi Antipasi alikaa mbele yake siku nzima akiangalia tu jinsi chuma cha zamani kilivyokuwa kinazunguka, kisha akachonga kingine mlango wa karakana ukiwa wazi, watoto wamejaa.

"Kama kipuri cha Antipasi," alisema.

Sekretari aliacha kipanya akamgeukia. "Hasa. Nimekuwa natafuta maneno hayo tangu msimu wa kulima."

Kisha akambonyeza kuku mkubwa mwekundu aliyesimama mlangoni mwa banda. Kuku alinyoosha shingo, akafungua mdomo, akaufunga. Hakutoa sauti. Akafungua tena. Hakuna. Sekretari akabonyeza tena, polepole zaidi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa.

"Huyu hasemi?"

"Huyu ndiye ninayemtafuta. Wengine wote wanalia. Jogoo, vifaranga, mvua, hata mwewe. Huyu tu." Alimshika Witness kidole cha mguu. "Huyu ni Aneth. Mdogo wangu."

Basi akaeleza. Sauti nyingine zote kijana wa mradi alizipata anakojua yeye, lakini ya Mama Kuku, huyo mwekundu, aliikosa. Kila kuku aliyemrekodi alinyamaza akionyeshwa kipaza sauti. Ndipo Aneth akasema, leteni hicho kidude. Aneth alikuwa anaweza kuiga kuku mpaka kuku wenyewe wanakuja. Tangu utotoni Sepuka, mama yao akitaka kukamata jogoo wa mgeni, hakumtuma mtu kumkimbiza, alimwita Aneth. Wakamfungia kwenye stoo ya kanisa kwa ajili ya ukimya, yeye na kijana na Sekretari, akaita vifaranga, akatetea kama aliyetoka kutaga, na mwisho kabisa akamwangalia dada yake usoni, akashindwa, akacheka. Kijana alikipenda kicheko kile akakiacha humo humo.

"Hakuishi sana baada ya hapo," alisema Sekretari. "Na simu za kurekodi mambo bado zilikuwa za wachache. Picha ninazo. Lakini picha haicheki."

Alijisukuma kwa kiti mpaka kwenye mashine ya kopi, akairudisha kadi na nakala yake. "Nimewaandikia wale watu. Yupo mmoja anayenijibu kila mara, jina lake silijui, ameweka picha ya chura. Namwita Chura. Anasema sauti imo ndani ya faili, haijapotea, ila ilirekodiwa kwa namna nyingine ya kizamani ambayo programu yao bado haijajifunza kuisoma. Nimeandika Yahusu, Mama Kuku Kutolia. Nimeandika na kukumbushia, na kukumbushia barua ya kukumbushia."

Kristina alirudi nyumbani na kopi asiyoihitaji. Raheli alikuwa anamsubiri.

"Umeona nini?"

"Nimeona kompyuta, mama. Ina kuku ndani, wa kuchora."

"Wa kuchora!" Raheli alipiga makofi. "Wa kuchora wanataga wapi sasa? Mayai yangu ni ya kuchora? Rudi kesho."

Kesho yake hakuhitaji kutumwa. Alikwenda na bakuli la karanga za kuchemsha, akakaa kwenye mkeka wake, na Sekretari akaanza kazi ya siku, ambayo kila baada ya mteja mmoja ilikuwa kumbonyeza Mama Kuku. Vifaranga walilia piyo piyo. Mteja mmoja alikuja kuchaji simu, akachomoa waya uliokuwa kwenye soketi, akachomeka wake, akaenda zake. Vifaranga wakanyamaza. Sekretari, aliyekuwa akisoma hati ya kiwanja ya mtu kwa miwani yake mizito, hakutambua. Alimaliza ukurasa, akanyoosha mkono kwa mazoea, akabonyeza.

Na kuku akatetea.

Alitetea kwa nguvu, kwa majivuno, tete-tete-tete-teteee, kama kuku aliyetaga yai la kwanza duniani. Sekretari alishika meza kwa mikono miwili. Miwani ilimteleza mpaka ncha ya pua.

"Aneth," alisema. Kisha akasema neno la Kinyaturu ambalo Kristina, Mnyiramba wa watu, hakulijua, lakini namna lilivyotoka aliijua vizuri kabisa. "Umesikia? Mama Witness, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Ngoja, ngoja, tulia hivyo hivyo. Nirekodi kwa simu. Kielelezo. Lazima niambatanishe kielelezo." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na bado alikuwa anasema kielelezo. Kuku alitetea tena, hakukatishwa na mtu.

Lakini Kristina alikuwa amekaa chini, na aliyekaa chini huona mambo ya chini. Aliona waya wa spika umelala sakafuni kama nyoka aliyekufa, haujachomekwa popote. Aliona kwenye kioo kwamba Mama Kuku alikuwa ameshaingia bandani kitambo, mdomo umefungwa. Na aliona, kwenye boksi la karatasi chini ya meza, mkono mmoja tu kutoka kwenye bega lake, jicho la duara la rangi ya mawese likimwangalia. Chini ya jicho kulikuwa na shingo tupu nyekundu. Mguu mmoja ulikuwa umetoka nje ya boksi, na mguuni kulikuwa na kitambaa cha kitenge.

Alifungua mdomo. Akamwona Sekretari amesimama kwa goti lake bovu, simu ameinua juu kama mtu wa harusini, anacheka na kulia pamoja. Akaufunga.

Jioni Raheli alimvamia jikoni. "Haya. Mayai?"

"Sikuhesabu mayai, mama," alisema Kristina, na halikuwa neno la uongo.

Siku hiyo alikula akasahau chumvi. Kumwambia mtu mzima kwamba aliyemlilia si mdogo wake bali mtetea wa jirani! Mtu analianzia wapi jambo kama hilo? Na kutomwambia? Sekretari angeendelea kukaa pale na furaha isiyo yake, na siku soketi ikirudishwa kuku wa kwenye kioo angefungua tena mdomo mtupu, na msiba ungeanza upya. Kristina alimwangalia Witness aliyelala. Akajiuliza angependa yeye aambiweje.

Asubuhi alifika mapema. Sekretari alikuwa amevaa gauni la Jumapili siku ya katikati ya wiki.

"Karibu, shahidi wangu! Nimeshawatumia kielelezo. Nimewashukuru kwa niaba ya familia."

Kristina alisalimia, akakaa kwenye mkeka, akamweka mtoto. Akakusanya maneno.

"Sekretari, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Kuku wa kwenye kompyuta huwa anakunya?"

Sekretari alimtazama juu ya miwani. "Kuku wa kwenye kompyuta hawezi kunya, mwanangu."

"Basi huyu wa huku chini," alisema Kristina taratibu, akinyoosha kidole kwenye vitone vyeupe karibu na boksi, "si wa kwenye kompyuta."

Sekretari alijisukuma nyuma na kiti chake, akainama kadiri goti lilivyomruhusu, akachungulia chini ya meza yake mwenyewe. Mtetea alimchungulia pia. Chini ya mtetea, juu ya barua za watu zilizoharibika, mayai yalikuwa yamejaa mpaka pembeni. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma siku baada ya siku akifuata kilio cha vifaranga, akadhani amefika kwenye nyumba ya wazazi wenzake.

"Kwa hiyo jana sikumsikia," alisema Sekretari.

"Hukumsikia, mama. Spika zilikuwa zimechomolewa. Niliona, nikashindwa kusema."

Sekretari aliinuka, akakaa sawasawa, akainyoosha nguo ya Jumapili magotini. Hakulia. Hilo lilimuumiza Kristina zaidi. Aliigeukia kompyuta, kwa kukosa pengine pa kutazama, na pale palikuwa na jibu la Chura. Aliisoma kimya barua ile ya Kiingereza, midomo ikicheza. Kisha akaisoma tena. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Sikiliza," alisema, na akaanza kuitafsiri kwa ile sauti yake ya ofisini. "Mama mpendwa, tumefurahi kwa furaha yako. Lakini hatujabadilisha kitu chochote tangu ulipoandika mara ya mwisho. Tumesikiliza kielelezo chako, wanne wetu, katika nchi nne. Tumekilinganisha na kilichomo ndani ya faili. Hakifanani." Alishindwa kuendelea, akafuta macho kwa kiganja. "Kwa heshima zote, tunadhani huyo ni kuku."

Walicheka mpaka aliyechajisha simu jana akasimama mlangoni akaogopa kuingia. Walipotulia Sekretari alipumua kwa kina.

"Anauliza jambo la maana lakini, Chura. Anasema, siku tukifaulu utajuaje kwamba ndiyo yenyewe? Nimjibu nini?"

"Kicheko," alisema Kristina. "Kuku hacheki."

Sekretari aliandika hilo kama lilivyo.

Kumweleza Raheli ilikuwa kazi nyingine. Alikuja mbio, kanga begani, akipaza sauti tangu barabarani. "Si nilisema! Si nilisema mayai yangu yako humu! Umemtorosha kuku wangu kwa spika, Winfrida!"

"Malalamiko yako yamepokelewa," alisema Sekretari. "Umekuja na kibali cha kumhamisha?"

"Kibali cha kuku wangu mwenyewe?" Raheli aliinama chini ya meza, mkono ukiwa tayari kukamata. Mtetea alijivimbisha manyoya yote, akatoa ile sauti nzito ya kuku aliyekwisha kuamua. Raheli alirudisha mkono polepole. Alikuwa amefuga kuku maisha yake yote. "Hee. Ameshaanza kuatamia."

"Maana yake?" aliuliza Sekretari, ambaye kwa miaka mingi alifuga wa kwenye kioo tu.

"Maana yake ukimhamisha leo anayasusa, yanaoza yote." Raheli alisimama, akaangalia dari, akaangalia maboksi, akamwangalia adui yake. "Atakaa hapa hapa mpaka aangue. Lakini nitakuja kumwangalia kila siku, usije ukaniambia paka amekula."

"Ombi limekubaliwa. Na kifaranga mmoja ni wa pango."

"Pango! Chini ya meza?"

"Na umeme. Anaota joto la kompyuta yangu."

Raheli alikuja kila siku kama alivyoahidi. Siku ya kwanza alisimama. Siku iliyofuata alikaa, kwa sababu ya miguu. Baada ya hapo alianza kutoa maoni: pumba hizo hazitoshi, Winfrida, banda gani hilo halina mlango wa pili, mwewe huyo, mwewe, mpige! Kristina aliingia siku moja akamkuta ameshika kipanya kwa mikono miwili kama anayekamata panya wa kweli, jasho linamtoka, Sekretari amesimama nyuma yake kwa mguu mzima, wote wawili wakimpigia kelele kivuli cha ndege. Mtaani hapakusikika tena habari ya chuma ulete. Sasa Raheli aliwaambia watu kwamba kwa Sekretari kuna kuku wasiokufa ugonjwa, na kwamba yeye ndiye aliyewagundua.

Lakini kila Raheli alipoondoka, Sekretari alimbonyeza Mama Kuku. Shingo ikanyooka, mdomo ukafunguka, mdomo ukafungwa. Kristina aligundua kwamba siku hizi hamtazami kuku anapombonyeza. Anatazama waya wa spika kwanza, kisha chini ya meza, kisha anainamisha kichwa na kusubiri, kama mtu aliyewahi kufungua mlango akakuta aliyebisha hodi ni upepo.

Siku ya gulio mtaa ulikuwa mtupu. Raheli alikuwa ameenda kuuza vitunguu. Upepo ulipiga vumbi barabarani, malori yakapita, na Kristina alipoingia na Witness mgongoni alimkuta Sekretari amekaa mbali na kompyuta, kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Kuku alikuwa kwenye boksi lake, ametulia. Spika zilikuwa zimechomekwa.

"Shikamoo, Sekretari. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi." Alionyesha kioo kwa kidevu. "Chura ameandika. Yuko mwenzao mmoja, hata simjui nchi yake, amekaa na ile sauti mpaka akaijua inavyofunguliwa. Wameishona kwenye programu mpya. Wanasema kwao imelia. Wanasema wamesikia mwanamke anacheka, lakini hawawezi kujua kama ni yeye, mpaka mtu wa huku asikie."

Kwenye kioo uwanja ulikuwa tayari. Vifaranga walikuwa wanakimbia. Mama Kuku alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, anasubiri.

"Umembonyeza?"

"Tangu asubuhi nimeshika hicho kipanya na kukiachia." Alicheka kidogo, kicheko kikakatika njiani. "Mimi masikio yangu siyaamini tena, Mama Witness. Nilimlilia kuku wa Raheli nikiwa na akili zangu timamu. Na nikisikia leo tena nikakuta siye, sijui kama nitaweza kukumbushia mara nyingine."

Kristina alisimama katikati ya duka. Vifaranga wa kwenye spika walilia piyo, piyo, na yule wa chini ya meza akajibu kwa sauti ya chini, ya ndani kabisa ya kifua, kwa maana mayai yake yalikuwa yamekaribia kuanguliwa.

"Lakini mama, mimi Aneth sikumjua."

"Ndiyo sababu. Wewe huwezi kumsikia kwa kumtamani." Sekretari aliinuka akishika kaunta, akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Kristina alifungua fundo la kanga, Witness akahama mgongo kwenda kifuani kwa mtu mwingine bila kulalamika. "Nitakaa na huyu hapo nje kibarazani, naangalia malori. Nakuomba, mwanangu, bonyeza wewe. Sikiliza mpaka mwisho, usikimbilie kuniita njiani. Ukisikia kuku peke yake, nyamaza tu, nitaelewa. Ukisikia kicheko, niite."